Mkwe Wangu Anafua Mto

9 Januari

Mama mkwe wangu,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia, na lile beseni kubwa bado halijatoboka. Mimi sijambo. Mafua yaliyonipokea siku ya kufika yameshanichoka yakaenda zake. Baba Chiriku alipiga simu, lori limekwama mpakani na mzigo wa mbao, lakini alikuwa anacheka, kwa hiyo usijali. Aliniuliza mbona simu yako haipatikani. Nikamwambia simu ya mama yako ilizama mtoni pamoja na mapazia ya gesti, akacheka mpaka salio likakata. Ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua Mama, niliacha shule kabla haujanyooka.

Chiriku anakula? Bado anawahutubia kuku? Mwambie Mama amepata chumba chenye dirisha, na kwamba watoto hawaruhusiwi kukaa huku kwenye vyumba vya wafanyakazi, vinginevyo ningemfungasha na nguo zangu. Shule zikifungwa atakuja.

Kazi nimepata palepale tulipoambiwa, kwenye ujenzi wa kiwanda kando ya mto. Ukiuliza kazi gani, ni usafi wa ofisi. Nimepewa fagio, koleo na buti. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Haraka, kwa sababu hata akikusalimia hangoji uitikie. Mhandisi ni dada mmoja mpole, ana miwani mikubwa kama sahani, naye jina limeshamkaa: Miwani.

Nina jambo la kukufurahisha. Mto huu ni uleule wetu! Miwani alinionyesha kwenye ramani. Akaweka kidole, hapa tupo sisi, akakiteremsha, hapa wapo wa kwenu. Kidole kilisafiri kidogo tu Mama, nikaona kama niko jikoni kwako. Basi kila asubuhi nikifika nausalimia mto. Nauambia, ukipita pale kwenye jiwe la kufulia, mwambie mwanangu nampenda. Usinicheke.

Mkweo,
Mama Chiriku

3 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka, tena mbele ya kondakta aliyeniletea barua. Alikaa nayo ndani ya basi wiki nzima eti aliisahau juu ya kioo. Nimemwambia akisahau tena, shati lake nitalipiga pasi likiwa mwilini.

Mgongo ni mgongo, ukinyamaza nitajua nimekufa. Chiriku anakula kama anayelipwa. Jana amemwambia jirani kwamba mama yake anajenga kiwanda peke yake, wengine wanamsaidia tu. Jirani kaniuliza mimi. Ningemkanushaje mtoto?

Bi Gesti, yule mwenye nyumba ya wageni, ameongeza vyumba. Kwa hiyo shuka zimezidi, na zote nyeupe, maana anasema mgeni akiona shuka ya maua anadhani kuna kitu kinafichwa. Mimi na mjukuu wangu tunakula kwa shuka hizo, nami kazi naipenda. Jiwe langu lipo, maji yapo, jua lipo. Mwanamke atake nini tena?

Lakini mkwe wangu, mimi nimefagia sana katika maisha yangu na sijawahi kuhitaji buti. Ofisi gani hiyo unayofagia na buti?

Mama yako

20 Februari

Mama mkwe wangu mpenzi,

Shikamoo. Wote wazima? Mwambie Chiriku nimemwona ndege mdogo wa manjano anaongea bila kupumua, nikamkumbuka yeye. Baba yake ameshavuka mpaka.

Leo nakuandikia nikiwa na kifua mbele kama jogoo. Wenye kiwanda walikuja kukagua. Bwana Haraka alitukusanya asubuhi, akasema, “Nataka pang'ae! Mgeni akiangusha kijiko, akiokote aendelee kula.” Miwani hakuwepo, alikuwa amekwenda kumwoza mdogo wake. Basi mimi nikashika uongozi wa usafi. Unanijua nikishika fagio.

Mama, kulikuwa na uchafu! Huku kuna mitaro inayokusanya maji yote ya mvua, inayapeleka kwenye bwawa, na kutoka bwawani kuna bomba la kwenda mtoni. Ndani ya mitaro mtu alikuwa ameacha mafungu ya mawe yamekatiza katikati, na majani yamejiotea chini kama kwenye gofu la nyumba. Nikasema, haya yanaonekanaje mbele ya wageni? Tukayatoa mawe yote tukayapanga vizuri kando. Tukang'oa majani. Tukafagia mpaka mitaro ikawa laini kama sebule yako siku ya harusi. Mwenye kiwanda alisimama, akatazama, akauliza, “Nani kafanya hivi?” Bwana Haraka akanionyesha mimi! Nilipeana naye mkono, Mama. Mkono wangu huu unaoujua.

Na jioni yake mvua ikanyesha, ya kwanza yenye nguvu. Ungeona maji yalivyoteleza kwenye ile mitaro yangu! Yalikimbia kama watoto waliosikia kengele ya kurudi nyumbani. Nikauambia mto, leo nakutumia salamu nyingi.

Swali la buti nitalijibu siku nyingine, karatasi imeisha.

Mkweo,
Mama Chiriku

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kujibu, kazi zimenizidi kidogo, hakuna zaidi. Hongera kwa mkono wa mwenye kiwanda. Huku hatujambo. Kuku mmoja ametaga chini ya kitanda changu, nadhani naye kachoka kuhutubiwa.

Salamu zako za mto zimefika. Tena zimefika nyingi.

Bi Gesti hajambo, ila wiki hizi ana maneno. Wenye maneno ni wengi, tuyaache.

Nakutumia lile gauni jeupe la Chiriku ulilomshonea mwenyewe. Limeshambana mabegani, akilivaa anatembea kama askari. Nimeona ukae nalo wewe, ukimkumbuka ulinuse. Nimelifua.

Chiriku ameng'ang'ania kukuandikia. Ananitajia, mimi naandika kama anavyosema:

“Mama, Bibi siku hizi anafulia mbali, kule juu kwenye chemchemi, anabeba shuka kichwani, mimi naachwa kwa jirani. Akirudi anakaa chini haongei. Nakupenda. Kuku ameninyea.”

Usimsikilize sana. Hakuitwa Chiriku bure.

Mama yako

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine nitazitoa mwishoni, moyo wangu haukai.

Nilifungulia kifurushi kitandani. Nikalinusa gauni kwanza, nikalia kidogo, ndiyo faida yake. Halafu nikalipeleka dirishani. Mama, lile gauni si jeupe. Limekuwa rangi ya chai, na kwenye mishono, pale ninapopindaga mara mbili, kuna wekundu umejificha. Wewe humfulii mtu nguo ikabaki hivyo. Wewe ungeurudisha hata mkaa ukiwa mweupe.

Rangi ile naijua. Nilitoa buti zangu chini ya kitanda nikaziweka pembeni ya gauni. Ni moja.

Sikungoja. Miwani alikuwa amesharudi, nikamkuta kwenye kibanda chake na Bwana Haraka wanabishana kuhusu saruji. Nikalitandaza gauni juu ya michoro yao.

Bwana Haraka akasema, “Mama Chiriku, hapa si kwa dobi.”

Nikasema, “Ni kweli. Dobi yuko chini ya mto, na hii ndiyo kazi yake baada ya mitaro yetu.”

“Udongo ni udongo! Dunia nzima ni udongo! Utajuaje kama ni wetu?”

Nikainua mguu nikaweka buti mezani. Ndiyo Mama, mezani. Utanisamehe. Miwani alivua miwani, akaifuta, akavaa tena, akatazama gauni, akatazama buti. Hakupaza sauti. Akauliza tu, “Mawe yangu ya mitaroni yako wapi?”

Nikamwambia, tuliyatoa. Tulifagia.

Akacheka, lakini cheko la mtu aliyejigonga kidole. Akatutoa nje wote wawili, akachukua ndoo ya maji akaimwaga mtaroni. Yakakimbia mpaka chini, mekundu. Akaweka mawe machache yakatize njia, akamwaga ndoo nyingine. Maji yakafika kwenye mawe, yakasita, yakajikusanya, yakapenya polepole, na udongo ukabaki nyuma. Akasema, “Maji yakikimbia yanabeba. Yakichoka yanatua mzigo. Yale mawe na yale majani ni ya kuyachosha. Mtaro si sebule, dada yangu. Mtaro safi unachafua mto.” Halafu akasema kosa ni lake pia, aliweka mawe bila kumwambia mtu yeyote ni ya nini, akidhani kila mtu anajua.

Bwana Haraka akainama akaokota jiwe kwa mkono wake mwenyewe. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa mvua kubwa zenyewe bado hazijaja, na rundo la udongo uliochimbwa kwenye msingi liko wazi kama jeraha. Miwani amewaendea wenye kiwanda, wamekubali kazi ya ukuta isimame kwanza, watu wote tuingie mitaroni. Tunarudisha mawe, tunapanda majani, tunazoa tope bwawani, tunafunika rundo kwa turubai. Gauni la Chiriku Miwani ameliomba. Amelitundika kwenye msumari mlangoni mwa stoo ya vifaa, akasema, “Huyu ndiye mkaguzi wetu.” Sasa kila anayeingia kuchukua koleo anatoa heshima, “Shikamoo mkaguzi!”

Buti ni za mitaroni, Mama. Sifagii ofisi. Nilijua ukisikia mkweo anashinda kwenye tope hutalala. Na wewe hukuniambia mto umeharibika. Kwa nini? Bi Gesti anasema maneno gani? Niambie yote, usinipunguzie.

Nisalimie mwanangu.
Mama Chiriku

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeshazaa, labda ndiyo maana tunaficha bila hofu.

Haya, usinipunguzie umesema, basi pokea. Baada ya ile mvua uliyoisifia, mto uligeuka uji. Nikasuuza shuka zikatoka chafu kuliko zilivyoingia. Nikadhani ni siku mbili tatu, haukusafika. Ndipo nikaanza kupanda chemchemini, na chemchemi inatosha kujaza birika, si kusuuza shuka za vyumba vyote vile. Bi Gesti alizipeleka dirishani moja moja, kama wewe na gauni. Akasema, “Mama, mimi nakuheshimu, lakini wageni wangu hawalali kwenye chai.” Mvua zikiisha na shuka ziko hivi, atampa kazi mtu wa mjini mwenye mashine. Hapo mimi na mjukuu wangu tutahutubia kuku wote wawili.

Kwa nini sikukuambia? Nilijua ni wapi. Udongo mwekundu hauko huku kwetu, uko huko mnakochimba. Majirani walitaka tuandike malalamiko, nikawaambia wangoje. Umewahi kumwona mtu akikata tawi ambalo mwanawe amelikalia? Wangefunga mahali pale, nawe ungerudi na buti zako mkononi.

Basi nilituma gauni. Sitasema nilitaka ulione wala sitasema sikutaka. Mimi ni dobi, husema kwa nguo.

Sikiliza sasa. Usinitumie maneno ya kunituliza. Wakati wa mvua kubwa nitachukua shuka moja mpya ya Bi Gesti, nyeupe pe, nitaifunga kwenye jiwe langu, niiache mtoni mchana kutwa mbele ya watu. Nimeshamwambia Bi Gesti aje atazame. Na nimeshawaambia majirani, mkwe wangu ndiye anayeshughulika huko juu.

Kwa hiyo usiniaibishe.

Mama yako

8 Mei

Mama! Shikamoo, na shikamoo tena!

Mkono wangu umevimba, hivyo mwandiko ukiwa mbaya kuliko siku zote usishangae. Chiriku hajambo? Kuku? Mgongo? Baba Chiriku yuko njiani kurudi, safari hii lori tupu. Nimeyamaliza, sasa sikiliza.

Imekuja. Ile yenyewe. Asubuhi mbingu ilikuwa imenuna kama Bwana Haraka, na tulipokuwa tunakunywa chai ikaanza kumwaga. Si matone Mama, ni mtu kashika pipa huko juu. Tukatoka wote. Mitaro ilijaa, lakini maji yalifika kwenye mawe yakasita. Jiwe kwa jiwe, yanasita, yanapumzika, yanashuka. Niliyatazama nikasema, chokeni, chokeni wanangu.

Bwawa likapanda. Upande wa pili shimo la msingi likaanza kujaa, na Bwana Haraka akapiga kelele, “Fungueni koki ya bomba! Bwawa litoke, maji ya msingi yapate pa kuingia!”

Miwani akasema, “Bado.”

“Bado mpaka lini? Mpaka tuvue samaki?”

“Leta glasi.”

Tuna mtindo wetu, Mama. Tunachota maji ya bwawa kwenye glasi, tunaisimamisha mbele ya lile gauni stoo. Ukikiona kifungo cha gauni kupitia maji, unafungua. Usipokiona, unangoja. Miwani akachota, tukatazama. Kifungo hakuna. Hata gauni hakuna. Tukaacha koki, tukaleta pampu ya msingi, maji yake nayo tukayamwaga bwawani yakasubiri zamu.

Hapo ndipo mtaro wa juu ulipopasuka, pale karibu na rundo la udongo. Ufa ulianza kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia, ukapanuka. Maji mekundu yakaanza kuteremka moja kwa moja kuelekea mtoni, bila kupita mawe wala bwawa. Mama, niliiona shuka yako. Naapa niliiona.

Nikapiga yowe. Magunia ya mchanga yalikuwa mbali, watu wakajipanga mstari kuyapokezana, lakini ufa haungoji. Basi Bwana Haraka, na tumbo lake lile, akatazama ufa, akatutazama sisi, akasema neno ambalo sitaliandika, akaenda AKAUKALIA. Akakaa katikati ya ufa kama kuku anayeatamia! Maji yakamgonga mgongoni, yakarudi mtaroni. Anapiga kelele, “Haraka! Haraka jamani!” Na safari hii kila mtu alimwelewa. Tulimjengea magunia kulia na kushoto, na mimi niliweka la mwisho, na ilibidi watu wanne kumchomoa. Ile haraka yake imekufa Mama, sasa anaitwa Bwana Kizibo, na analiitikia jina kwa furaha kuliko cheo chake.

Mvua ilikatika jioni. Bwawa likakaa limejaa pomoni, jekundu, kimya. Tuliliacha. Kesho yake bado. Kila mtu anapita stoo kuchungulia glasi kama mgonjwa. Mpaka siku moja Miwani akaniita, “Njoo utazame wewe.” Nikatazama. Nikaona kifungo. Nikaona na uzi niliokishonea.

Koki nimeifungua mimi. Maji yametoka bombani meupe Mama, meupe kabisa, na watu wakashangilia kama tumefunga goli. Bwana Kizibo aliyanawa usoni.

Nikauambia mto, nenda. Safari hii salamu ni zenyewe.

Gauni nakurudishia na barua hii. Nimelipiga jivu na jua lakini limekataa. Lisuuze hapo kwenye jiwe lako, tuone.

Niambie haraka. Niambie shuka ikoje. Silali.

Mkweo,
Mama Chiriku

23 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Kondakta ameleta barua yako siku ileile. Lile tishio la pasi limemkaa.

Mvua ilipopiga huko na huku ilipiga. Mto ulipanda ukawa na rangi ya kijivu kidogo, kama mto wowote wenye mvua. Nikaenda kuufuatilia kila asubuhi kama anayedai. Wekundu hakuna. Nikasema ngoja, usishangilie mapema, umeshazeeka.

Siku niliyochagua nilishuka na shuka mpya, nikaifunga kwenye jiwe. Watu walijaa ukingoni. Wengine walileta viti. Bi Gesti alikuja na mwavuli na uso wake wa kukagua. Chiriku akasimama juu ya jiwe kuwaeleza wote kwamba mama yake amezuia mafuriko kwa kumkalisha mtu mnene. Sijui aliisomaje barua, mimi nilimsomea nusu tu.

Jua lilipoanza kushuka niliinua shuka. Nilimpa Bi Gesti akaishika mwenyewe, akaigeuza, akaipeleka juani, akaipindua mishono. Akainusa! Halafu akasema, “Mama, nina mapazia pia.”

Mwanangu, ukingo mzima ulipiga vigelegele. Mimi mgongo ulipotea, nilicheza. Mashine ya mjini ibaki mjini. Wale majirani waliotaka kuandika malalamiko sasa wanataka kuandika shukrani, wanagombana nani aanze.

Zamani wakiniuliza mkweo anafanya kazi gani, nilikuwa najibu yuko mbali huko, anafagia ofisi. Jana kondakta kaniuliza. Nimemwambia, mimi nafua shuka, mkwe wangu anafua mto.

Shule zinafungwa. Chiriku anakuja kwako na basi la asubuhi, na mimi namsindikiza, nataka nimwone huyo Kizibo kwa macho yangu. Mwambie anipishe kiti imara.

Gauni nimelisuuza kwenye jiwe, mara moja tu, bila sabuni, nione mto unasemaje. Limo ndani ya kifurushi hiki. Usilifungulie kitandani. Lipeleke dirishani.

Chiriku anasema nimalizie hivi: “Mama, salamu zimefika. Hazina tope.”

Mama yako